Dakika 32.9: historia fupi ya kupima moshi wa ndege

Leo naweka kando kidogo mambo ya msimbo na hifadhidata, ingawa mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba sijaenda mbali. Nataka tuzungumze kuhusu moshi wa ndege, na hasa jinsi unavyopimwa.

Watu wengi hudhani kuna mashine mahali fulani, labda kwenye bawa la ndege au pale JKIA, inayopima moshi wa kila ndege inayopaa. Hakuna. Karibu takwimu zote unazosoma kuhusu uchafuzi wa ndege zinatoka kwenye hesabu. Mtu anachukua aina ya injini, anafungua jedwali, anazidisha, anajumlisha. Na kila hesabu ya namna hiyo ina tarakimu ambazo mtu fulani alizichagua miaka mingi iliyopita, zikabaki humo ndani. Sisi waandishi wa programu tunaziita chaguo-msingi. Tunajua pia tabia yake: ukishaiweka, ni wachache sana watakaoibadilisha, na baada ya muda hakuna anayekumbuka ilitoka wapi.

Basi hebu tufuate historia ya tarakimu hizo. Ninavyoona mimi, kila kipimo kiliundwa kujibu swali moja la wakati wake, na kile ambacho swali halikukigusa kilikaa nje ya hesabu kwa miaka mingi. Kukaa nje ya hesabu si jambo dogo, kwa sababu sheria, kodi na lawama hufuata kile kilichohesabiwa.

Tuanzie vitani. Ile michirizi myeupe ambayo ndege huacha angani ilichunguzwa kwa makini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na hakuna aliyekuwa akiwaza tabianchi. Rubani wa ndege ya kivita akiacha mchirizi, adui aliye chini anamwona kutoka mbali. Mwaka 1941 Mjerumani Ernst Schmidt alieleza kifizikia ni wakati gani mchirizi hutokea. Mwaka 1953 Mmarekani Herbert Appleman akatengeneza chati ya kuwasaidia watabiri wa hali ya hewa. Kanuni yenyewe si ngumu: injini hutoa mvuke wa maji, na hewa ya nje ikiwa baridi vya kutosha, mvuke huo huganda kuwa chembe za barafu. Kanuni hiyo bado inaitwa kwa majina ya wawili hao, na iko ndani ya programu za leo zinazokadiria athari ya michirizi kwa joto la dunia. Kazi iliyoandikwa ili kuwaficha marubani sasa inatumika kupima tabianchi.

Baada ya vita zikaja ndege za jeti za abiria. Jeti za mwanzo zilitoa moshi mweusi ambao kila mtu aliuona, na malalamiko yakaanza na kile kinachoonekana. Kipimo kikafuata malalamiko. Unachukua gesi ya injini, unaipitisha kwenye karatasi nyeupe ya kuchujia, kisha unapima karatasi imekuwa nyeusi kiasi gani. Hiyo ndiyo iliyoitwa namba ya moshi. Kama swali lako ni "je, jirani wa uwanja ataona moshi?" basi kipimo hiki kinatosha. Watengenezaji wakaboresha injini na moshi mweusi ukapungua sana. Chembechembe ndogo zisizoonekana kwa macho karatasi haikuweza kuzihesabu, lakini hakuna aliyeuliza.

Miaka ya 1970 swali lilibadilika. Marekani ilikuwa na mpango wa kujenga ndege ya abiria inayokwenda kasi kuliko sauti, nao Waingereza na Wafaransa walikuwa na Concorde. Mwezi Machi 1971 bunge la Marekani lilikataa kuendelea kuufadhili mpango huo, na hoja kubwa zilikuwa gharama na kelele. Mwaka huo huo mwanakemia Harold Johnston wa Chuo Kikuu cha California akachapisha makala katika jarida la Science akisema kwamba kundi kubwa la ndege kama hizo, zikiruka ndani ya stratosfia, zingeweza kuharibu tabaka la ozoni kwa oksidi za nitrojeni. Mwaka uliotangulia Paul Crutzen alikuwa ameshaeleza jinsi oksidi hizo zinavyokula ozoni, kazi iliyochangia yeye kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1995. Serikali ya Marekani ikaanzisha utafiti mkubwa ulioitwa CIAP, na matokeo yake yakatolewa mwishoni mwa 1974.

Hapo ndipo kwa mara ya kwanza watu walijaribu kwa dhati kuhesabu ndege zinafanya nini kwa anga ya dunia nzima, kwa kutumia modeli za tarakilishi. Lakini Concorde ziliishia kuwa chache, hofu ikapoa, na macho yakarudi ardhini, kwenye viwanja.

Sasa tufike kwenye jedwali lenyewe, ambalo ndilo kiini cha makala hii. Mwaka 1981 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipitisha viwango vya uchafuzi wa injini za ndege, vinavyojulikana kama Kiambatisho cha 16, juzuu ya pili. Injini inafungwa kwenye kituo cha majaribio, inaendeshwa kwa nguvu za viwango vinne, na moshi wake unapimwa. Viwango hivyo ni hivi:

- Kupaa: nguvu asilimia 100, dakika 0.7
- Kupanda: nguvu asilimia 85, dakika 2.2
- Kukaribia kutua: nguvu asilimia 30, dakika 4.0
- Kutambaa ardhini: nguvu asilimia 7, dakika 26.0

Jumlisha: dakika 32.9. Hesabu yenyewe mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Kwa kila hatua unazidisha muda, mafuta yanayochomwa kwa sekunde, gramu za uchafu kwa kila kilo ya mafuta, na idadi ya injini. Ukimaliza hatua zote nne unajumlisha. Mzunguko huu unagusa tu kile kinachotokea chini ya futi 3,000, yaani mita 915 juu ya uwanja, kwa sababu swali la wakati huo lilikuwa hewa ya mtaani karibu na uwanja.

Angalia ile dakika 26 ya kutambaa ardhini. Msongamano wa Mombasa Road tunaufahamu, lakini ndege kutambaa kwa dakika 26 kwenye uwanja wa wastani? Tarakimu hiyo ilitokana na hali ya viwanja vikubwa vya Marekani saa za msongamano, miaka hiyo ya 1970. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, injini moja inachoma kilo 0.1 ya mafuta kwa sekunde ikiwa inatambaa. Kwa dakika 26, ndege ya injini mbili itakuwa imechoma kilo 312. Kama kwenye uwanja wako kutambaa huchukua dakika 10, jibu la kweli ni kilo 120. Na kwa kuwa injini ikiwa na nguvu ndogo ndipo inapotoa kaboni monoksidi nyingi kwa kila kilo ya mafuta, tofauti hiyo inaharibu picha nzima ya hewa ya mtaa. Tena vipimo vya kituoni hurekebishwa vilingane na hali ya usawa wa bahari. JKIA iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa huo.

Simaanishi kwamba waliotunga jedwali walikuwa wajinga, la hasha. Walitaka kulinganisha injini na injini, ili mtengenezaji asidanganye. Kwa kazi hiyo ni jedwali zuri, na hifadhidata yake ya injini iko wazi, mtu yeyote anaweza kuipakua. Shida ilianza pale watu walipochukua kipimo cha kulinganisha injini wakakifanya kipimo cha uchafuzi wa kiwanja. Ni kama mtu kuchukua data ya majaribio na kuiendeshea mfumo wa benki.

Upande mwingine ni muda wenyewe. Ndege ya Nairobi hadi London hukaa angani karibu saa 9, yaani dakika 540 hivi. Dakika 32.9 ni chini ya asilimia 7 ya muda huo. Zilizobaki ziko juu ya futi 3,000, ambako jedwali halifiki.

Huko juu hesabu rahisi ni ya kaboni. Kila kilo ya mafuta ya jeti ikiungua hutoa kilo 3.16 za kaboni dioksidi, kwa kuwa kaboni huungana na oksijeni ya hewani na uzito unaongezeka. Ukijua mafuta, umejua kaboni. Lakini kaboni hiyo ni ya nani? Ndege imejaza mafuta Nairobi, ni ya shirika la Ulaya, imebeba Wahindi na Wakenya, na inapita juu ya Sudan na Misri. Itifaki ya Kyoto ya mwaka 1997 ilikwepa swali hilo: mafuta ya safari za kimataifa hayakuwekwa kwenye jumla ya nchi yoyote, na nchi zilizoendelea zikaambiwa zishughulikie suala hilo kupitia ICAO. Kwa lugha yetu, ilikuwa ni sehemu ya msimbo iliyoandikwa "tutarudi hapa baadaye." ICAO ilikubali mpango wake wa kaboni, CORSIA, mwezi Oktoba 2016. Hiyo ni miaka 19.

Katikati ya hapo, mwaka 1999, jopo la IPCC lilitoa ripoti maalum kuhusu ndege na anga, ICAO yenyewe ikiwa ndiyo iliyoiomba. (Kwa wanaopenda kujua, IPCC ilianzishwa 1988 na shirika la hali ya hewa duniani pamoja na UNEP, ambayo makao yake ni pale Gigiri.) Ripoti ilikadiria kwamba mwaka 1992 ndege zilichangia takriban asilimia 3.5 ya msukumo wote wa binadamu wa kuipasha dunia joto. Halafu ikaongeza jambo lililowashtua wengi: athari zote za ndege kwa pamoja zilikuwa mara 2.7 ya kaboni peke yake. Tofauti ilitoka kwenye oksidi za nitrojeni na michirizi. Na hapo hawakujumlisha mawingu membamba yanayotokana na michirizi ikitawanyika, kwa sababu makadirio yake hayakuwa imara.

Miaka miwili baadaye, baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, ndege za abiria zilizuiwa kuruka Marekani kwa siku tatu. David Travis na wenzake walikusanya takwimu za joto kutoka vituo vya hali ya hewa, na mwaka 2002 wakaandika katika jarida la Nature kwamba tofauti kati ya joto la mchana na baridi ya usiku iliongezeka kwa zaidi ya digrii 1 katika siku hizo. Maelezo yao: bila michirizi, jua liliingia zaidi mchana na joto likatoka zaidi usiku. Wengine waliokuja baadaye walipinga, wakisema siku hizo zilikuwa tu na anga safi na hewa kavu. Siku tatu ni data kidogo mno. Lakini kisa hicho kiliyarudisha michirizi kwenye mjadala, miaka 60 baada ya Schmidt.

Kama unajiuliza haya yanatuhusu vipi sisi, twende Naivasha. Mwaka 2007 Uingereza kulizuka mjadala mkali kuhusu vyakula na maua yanayosafirishwa kwa ndege. Maduka ya Tesco na Marks & Spencer yakaanza kubandika picha ya ndege kwenye bidhaa. Shirika la Soil Association likajadili kuziondolea bidhaa za ndege cheti cha kilimo hai. Kwa wakulima wetu hiyo ilikuwa hatari ya wazi: soko lingeweza kufungwa kwa sababu ya kibandiko.

Mwezi Februari mwaka huo Chuo Kikuu cha Cranfield kilitoa utafiti ulioagizwa na kampuni ya World Flowers, yaani na mfanyabiashara mwenye maslahi, tusifiche hilo. Walilinganisha maua ya waridi 12,000 ya Kenya na 12,000 ya Uholanzi. Yale ya Kenya, pamoja na safari ya ndege, yalitoa kilo 6,000 za kaboni dioksidi. Yale ya Uholanzi yalitoa kilo 35,000, kwa sababu ya kupasha joto na kuwasha taa kwenye vibanda vya vioo. Kwetu jua linafanya kazi hiyo bure.

Kibandiko cha ndege kilipima kitu kimoja tu: je, imepanda ndege? Hakikuuliza ua lilikuzwaje. Upande wa pili nao, anayetetea maua yetu asisahau kwamba tarakimu ya safari yoyote hubadilika kutegemea kama unahesabu kaboni tupu au unazidisha kwa ajili ya michirizi na nitrojeni. Mkulima wa Naivasha hakuwa mezani wakati tarakimu hizo zikichaguliwa, lakini ajira yake ilitegemea jibu.

Turudi sasa chini, kwa majirani wa viwanja. Mwaka 2014 Neelakshi Hudda na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California waliendesha gari lenye vipimo chini ya njia ya kutua ya uwanja wa Los Angeles. Hawakupima uzito wa vumbi, walihesabu idadi ya chembechembe ndogo sana, zile ambazo kipenyo chake ni chini ya sehemu moja ya kumi ya maikromita. Kilomita 10 kutoka uwanjani, upande ambao upepo unaelekea, idadi ilikuwa mara nne ya kawaida. Kabla ya hapo wengi walidhani athari ya uwanja inaishia karibu na ua lake. Sheria za hewa hupima vumbi kwa uzito, na chembe hizi ni nyepesi mno, milioni zake hazisogezi mizani. Ziko tele na hazionekani kwenye ripoti.

ICAO ililiona hilo. Viwango vipya vya chembechembe vilianza kutumika mwaka 2020, na kwa aina mpya za injini kuanzia 2023 vinagusa uzito na idadi pia. Karatasi nyeupe ya kuchujia hatimaye ilianza kustaafu, baada ya karibu miaka 40.

Lakini bado kuna shimo, na liko karibu na nyumbani. Mipaka ile ya gesi na chembechembe inahusu injini kubwa za jeti, zenye msukumo unaozidi kilonyutoni 26.7. Ndege ndogo za pistoni, kama zile za kufundishia marubani pale Wilson, haziguswi. Mafuta ya kawaida ya ndege hizo, yanayoitwa avgas 100LL, bado yana madini ya risasi. Kenya na nchi jirani tuliondoa risasi kwenye petroli ya magari kufikia 2006, na kampeni hiyo iliratibiwa na UNEP hapa hapa Nairobi. Petroli ya ndege ikabaki. Huko California, utafiti wa mwaka 2021 karibu na uwanja mdogo wa Reid-Hillview ulikuta watoto wanaoishi karibu na uwanja wana risasi zaidi katika damu kuliko wanaoishi mbali, na wilaya ya Santa Clara ikasimamisha uuzaji wa mafuta hayo Januari 2022. Wilson imezungukwa na Lang'ata na Kibera. Kupima damu za watoto na udongo wa mitaa hiyo hakuhitaji teknolojia ngeni.

Na huko juu? Mwaka 2021 David Lee na wenzake walichapisha hesabu mpya hadi mwaka 2018. Theluthi mbili ya athari ya ndege kwa joto la dunia haitokani na kaboni, na sehemu kubwa zaidi ni mawingu ya michirizi, ingawa bado kiwango cha shaka ni kikubwa. Mwaka 2023 Google na American Airlines walijaribu safari 70 ambapo marubani walibadilisha kimo kukwepa hewa yenye unyevu, na picha za setilaiti zikaonyesha michirizi imepungua kwa asilimia 54. CORSIA haihesabu michirizi hata kidogo. Umoja wa Ulaya ulianza Januari 2025 kuyataka mashirika ya ndege yafuatilie athari zisizo za kaboni.

Sasa, kwa wenzangu waandishi wa programu. Leo tuna vifaa ambavyo Appleman hakuviota. Kwa shilingi elfu chache unaweza kununua kipokezi cha redio, ukakiunganisha na tarakilishi ndogo, ukapokea ishara za ADS-B za kila ndege inayokaribia Embakasi. Unaweza kupima ndege inatambaa dakika ngapi kweli kweli, ukaitupa ile 26 na kuweka ya Nairobi. Hifadhidata ya injini iko bure. Hiyo ni kazi ya mradi mmoja wa mwanafunzi wa chuo kikuu, na nchi ingepata tarakimu zake yenyewe.

Ila ukinunua pia kile kipima vumbi cha bei nafuu kinachotumia mwanga, soma karatasi yake ya maelezo kwanza. Vingi havioni chembe iliyo chini ya maikromita 0.3, na chembe za ndege ni ndogo kuliko hizo. Utakiweka Embakasi, kitakuonyesha tarakimu nzuri za kijani, na mtu ataandika ripoti kwamba hewa ni safi. Kabla hujaamini tarakimu ya mtu, au yako mwenyewe, uliza kipimo hicho kiliundwa kujibu swali gani.

Aliye na data ya Wilson au Embakasi aniandikie, tuifanyie hesabu pamoja. Hadi wakati mwingine, kwaherini.